Dunia ya Karatasi ya Mwalimu Limunga Enanga Ekema (1971–2020)

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Mosoke Ekema, kwa niaba ya familia, leo Jumamosi tarehe 28 Novemba 2020, uani kwa marehemu. Wenye programu mkononi wataona imeandikwa kwamba dada alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Maneno hayo yalipigwa chapa kabla Iya, mama yetu mzazi, hajasomewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliombwa tufiche kifo kwa maradhi, na Iya amekataa. Kwa hiyo ukurasa huo msiusome, sikilizeni.

Mwalimu Limunga alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 huko Bakingili, kwenye miguu ya Mlima Fako, mlima wa moto wa Kamerun, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Ekema Mosoke, mvunaji wa michikichi, na Iya Namondo. Iya husema mtoto huyu alipozaliwa alilia kwa hasira wala si kwa njaa. Akiwa na miaka sita alimng'ata katekista mkononi kwa kuwa katekista huyo alimwambia kwamba wasichana hawapandi mlima. Baba alimpelekea katekista jogoo wa kuomba radhi, ila njiani alicheka mpaka jogoo akamponyoka, ikabidi arudi kuchukua mwingine.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Bakingili kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, kisha sekondari mjini Limbe, akiishi kwa shangazi aliyekausha samaki na kumwamsha kwa fimbo ile ile ya kugeuzia samaki. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1992. Januari iliyofuata alipewa darasa la nne katika shule ile ile iliyomlea, na wazee waliokumbuka habari za katekista walimsogelea kwa tahadhari.

Mwishoni mwa Machi 1999 mlima ulipasuka. Ardhi ilitikisika mpaka sufuria zikaanguka, na mto wa mawe ya moto ukateremka msituni ukiivunja michikichi aliyoivuna baba maisha yake yote. Miti ilikuwa ikilipuka kabla ya kuguswa. Tulihamishwa kijiji kizima, na katikati ya Aprili moto ule ukaikata barabara ya Limbe kama anayepita uani kwake. Wazee walisema Efasa-Moto, yule mwenye mlima, nusu mtu nusu jiwe, amekasirika kwa kunyimwa mbuzi. Pale kambini mtoto mmoja wa darasa la nne akamvuta Mwalimu Limunga gauni.

"Auntie, tukimpa mbuzi wawili atanyamaza?"

Dada alitafuta kitabu cha kumjibia. Vitabu vilikuwa vimebaki kijijini. Akaokota alichokiona: mfuko wa saruji, karatasi za sigara, kifuniko cha chupa. Akakata mduara wa mfuko wa saruji, akaupaka mawese ukang'aa mwekundu: hayo ndiyo mawe ya moto yanayosogea polepole chini yetu. Juu yake akabandika mduara mdogo wa karatasi iliyotiwa manjano, nao ukawa chuma kilichoyeyuka. Katikati akagongelea kifuniko cha chupa, chuma kigumu cha ndani kabisa. Kisha akafunika vyote kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, nyembamba kuliko zote, akaishona kwa uzi upande mmoja ili ifunguke kama mlango. Hilo ndilo ganda tunalolimia, tunalojengea na tunalozikiana. Kila mtoto alitengeneza dunia yake, akapitisha kidole kutoka chini ya ganda mpaka likachanika, naye dada akasema, "Hapo ulipotoboa ndipo tunapoishi sisi."

Babu yake mtoto mmoja alikuja juu, fimbo mkononi. "Limunga, umemwambia mjukuu wangu mwenye mlima hayupo?"

"Sijasema hayupo, Tata," akajibu dada. "Nimesema anakokaa kuna joto. Na wewe ungekaa huko ungekuwa na hasira."

Mzee aliketi, akaomba naye afundishwe. Dunia yake ya karatasi tulimzika nayo mwaka 2006, ndani ya mfuko wa shati.

Tarehe 18 Agosti 2001 Mwalimu Limunga alifunga ndoa na Bwana Ewune Luma, dereva wa trekta katika mashamba ya ndizi, wakahamia hapa, kijiji cha mumewe, juu ya Muea. Walijaliwa mabinti wawili, Efeti na Enjema. Ewune ni mtu mpole, na dada alimpenda kwa upole huo na kumtania kwa huo huo. Alimwita "breki yangu," kisha akaendelea na mwendo ule ule.

Vita vilipoingia, vijana wa msituni, wale wanaopigania kujitenga na serikali, walipiga marufuku shule. Mwaka 2018 shule ya kijiji hiki, alimokuwa akifundisha, ilichomwa mchana kweupe, na mlinzi wake akakatwa mapanga akiwa ameshika ndoo ya maji. Dada alimwosha mlinzi yule kwa mikono yake, akamzika, na Jumatatu iliyofuata akafungua darasa katika jiko lake. Watoto walifika na vikapu vya magimbi, kana kwamba wametumwa kuyakuna kwa ajili ya kwakoko, chakula chetu cha magimbi yanayopikwa ndani ya majani. Chini ya magimbi kulikuwa na daftari, mkasi, na dunia zilizokunjwa. Walikuna kweli, na jirani aliyesikia harufu ya kwakoko ikiiva hakuuliza kitu.

Mwezi Machi 2019 askari wa serikali walimkamata kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na rundo la karatasi hizo.

"Hii ramani ya kambi yetu," akasema mmoja. "Uzio wa nje, uzio wa ndani. Na hapa katikati mmeficha nini?"

"Chuma, afande. Cha moto sana."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka jino likatoka. Aliporudi nyumbani alimwambia Ewune kwamba yule askari alikaribia kupata jibu, angehitaji kipindi kimoja tu cha ziada. Ewune hakucheka.

Julai mwaka huo huo ikawa zamu ya vijana wa msituni. Walimwekea mkono wa kulia juu ya kigogo cha kupasulia kuni na kumkata vidole viwili, ili asishike tena chaki. Ewune alikuwa amefungwa kamba mlangoni, akitazama. Jeraha lilipofunga, alimsihi.

"Mama Efeti, basi. Watoto wa watu wana wazazi wao."

"Wazazi wanao. Mwalimu je?"

"Watakuua."

"Sasa na wewe unataka nikae humu nizeeke nikikutazama wewe tu? Hebu nishikie karatasi hii, nikate kwa kushoto."

Akaishika. Miezi kumi na mitano Ewune alishika na dada akakata, duara zikiwa zimepinda kidogo, na watoto wakicheka kwamba dunia imepata uvimbe.

Sasa tumefika kwenye kifo, na familia inaomba utulivu. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Novemba 2020 wanaume watano wenye bunduki waliingia jikoni. Mwalimu Limunga alisema watoto wamekuja kukuna magimbi. Mkubwa wao akapiga kikapu teke, karatasi zikamwagika. Akaokota moja, akafungua mlango wa ganda, akaangalia ndani.

"Hii nini?"

Watu wazima wangenyamaza. Mtoto mmoja, aliyefundishwa kwamba swali hujibiwa kwa sauti na kwa kusimama, akasimama. "Ni dunia, sir."

Tangu siku hiyo kuna midomo kijijini inayosema mtoto ndiye aliyemuuza mwalimu. Midomo hiyo isikie leo. Wauaji walikuwa wameshaijua njia ya jikoni, walikuja na jembe lao wenyewe. Na jambo la mwisho alilolitamka Mwalimu Limunga darasani, mbele ya mitutu mitano, lilikuwa kumgeukia yule mtoto na kumwambia, "Sahihi. Keti."

Walimtoa nyuma ya jiko wakampa jembe. "Si unajua kilichoko chini? Chimba utuonyeshe."

Alichimba kwa mkono wenye vidole vitatu mpaka shimo likamfika magotini, na wao wakimcheka. Akasimama, akajifuta jasho. "Mtachoka bure," akawaambia. "Hapa hata ganda hatujalitoboa."

Wakampiga risasi mbili kifuani, wakamsukuma shimoni, na kuwalazimisha watoto wapite mmoja mmoja watazame. Waliacha agizo kwamba atakayesema amekufaje atamfuata.

Ndiyo maana mjomba wetu Njie, au Mola Njie kama tunavyowaita wajomba kwetu, alileta neno "kuugua." Hatumchukii. Ana nyumba, ana wajukuu, na agizo lile limemfikia mlangoni. Lakini Iya alimuuliza mbele yetu sote, "Njie, ukisema ameugua, huyo mtoto nitamwambia nini? Kwamba jibu lake ndilo ugonjwa?" Mola Njie akamwambia Iya afadhali basi isomwe kwamba tumewasamehe wauaji, labda watatuacha. Iya akasema msamaha haukunwi kama gimbi. Aandikwe alivyouawa, na la msamaha lisisomwe, kwa kuwa yeye hajalitoa.

Mwalimu Limunga ameacha mama, Iya Namondo, mume, Bwana Ewune Luma, mabinti, Efeti na Enjema, ndugu wanne, na watoto kumi na mmoja wa jikoni, ambao majina yao hayatatajwa. Desturi yetu benchi la mbele ni la wafiwa wa damu peke yao. Leo Iya ametuondoa sisi ndugu wa marehemu kwenye benchi hilo na kuwaketisha wao, wote kumi na mmoja, wamevaa nguo nyeusi za aina moja, ili asijulikane aliyejibu ni yupi. Anayetaka kumnyooshea kidole, awanyooshee wote, na Iya ameketi katikati yao.

Dada yetu, mwalimu wetu, lala kwa amani.