Kumuaga Mwalimu Mkuu Aliyepokea Waliohama

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Elimu wa wilaya yetu. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule. Mwalimu Mkuu wetu unayestaafu leo. Walimu wangu, wazazi, na wanafunzi wenzangu mliosimama juani: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimeambiwa nisifu, nisilalamike. Nitasifu, ila mniwie radhi nikienda mbio, maana tangu asubuhi moyo wangu haujatulia. Mdogo wangu wa kike yuko kwa bibi, anasoma bado katika wilaya tuliyohama, na mpaka sasa hatujui kama muhula ujao atasoma hapa nasi au atabaki kule bila sisi.

Mama yetu ni muuguzi. Alipohamishiwa zahanati ya huku katikati ya mwaka, mshahara wake ulimfuata, faili lake likamfuata, lakini ruzuku ambayo serikali hutoa kwa masomo yangu ilibaki kwenye shule niliyoiacha, ikilihudumia dawati tupu. Kila shule tuliyobisha hodi ilitujibu, "Mama, mrudishe binti alikotoka, mje mwakani." Je, ningekaa nyumbani mwaka mzima nikingoja wilaya mbili zielewane?

Tulipofika hapa, Mhasibu wa shule alinitazama, akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Mkuu, huyu naye hakuja na chochote. Chaki zenyewe tunakopa!"

"Amekuja na daftari na kalamu," akajibu Mkuu. "Mtafutie kiti, bwana. Na usinune hivyo, utamtisha mtoto."

Mhasibu akacheka, akanipa kiti chake mwenyewe. Wazazi, msimwone mchoyo: anagawia wengi fungu lililotolewa kwa wachache.

Ukafika mtihani. Karatasi huchapishwa kwa hesabu ya wenye ruzuku, kwa hiyo sisi tuliohama hatukuwa nazo. Wenzangu wakaanza, "Wageni wa Mkuu, leo mtachungulia kwa nani?" Mwalimu Mkuu akaingia, akazikusanya karatasi zote, hata za wenye haki nazo, akaandika maswali ubaoni mpaka mikono ya gauni lake ikawa nyeupe kwa chaki. Sote tukanakili. Tangu siku hiyo shule nzima hufanya mitihani hivyo. Tunachelewa kumaliza, vidole vinauma, na wengine mnanung'unika mpaka leo, najua, nawasikia. Lakini ni nani awezaye kupita katikati ya madawati yetu akajua yupi ana ruzuku na yupi hana?

Mwalimu Mkuu, mama wa shule yetu, kwa hilo peke yake tunakushukuru kuliko ninavyoweza kusema.

Sasa unaondoka, na wiki iliyopita bodi ilitangaza kwamba wanaohama hawatapokelewa tena mpaka ruzuku zao zije. Mwenyekiti, sisemi kwamba hamna huruma. Bodi itoe wapi? Lakini mdogo wangu naye afanye nini? Ubao mmoja na moyo wa mtu mmoja vimetufikisha hapa, navyo haviwezi kuwa utaratibu wa wilaya. Mheshimiwa Afisa Elimu, tunaomba ruzuku imfuate mtoto pale anapohama, badala ya kungoja mwaka uishe. Na wakati mnaandikiana barua na wenzenu, tunaomba watoto wawe wameketi darasani.

Mheshimiwa, baada yangu ni zamu yako kuzungumza. Mama yangu amekaa mstari wa mwisho, karibu na lango. Katika mkoba wake mna sare mpya ya mdogo wangu, na mwenye duka amekubali kuipokea tena ikiwa atarudishiwa leo kabla hajafunga. Mama hajui aende dukani au aende nyumbani. Nakuomba utakaposimama uanze na hilo, na useme kwa sauti, kwa sababu kule nyuma spika hazisikiki vizuri.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Mheshimiwa, karibu, kipaza sauti hiki hapa.