Mwalimu Eliudi Anastaafu, Marahaba ya Yunisi Bado Anayo

Mwalimu Eliudi Semkiwa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia sekondari yetu hapa Maramba kwa miaka thelathini na moja.

Alikuja na baiskeli, godoro na Biblia mbili, akapewa somo la Maarifa ya Biblia, na hajalibadilisha hadi leo. Upepo ulipoezua paa la Kidato cha Pili, aliwahamishia wanafunzi jikoni kwa mpishi wetu Bi Mwatum, wakasoma Manabii huku wakinuka moshi. Mwaka ule hakufeli mtu. Mwenzetu akifiwa, awe wa kanisani au wa msikitini, Eliudi ndiye wa kwanza kushika jembe. Hayo ni yake, hakuna wa kumnyang'anya.

Mada aliyoipenda kuliko zote ni majivuno ya wenye elimu. Stoo yangu imepakana ukuta na darasa lake, kwa hiyo hata mimi Idarusi, niliyesomea chuoni kwa shekhe Ngamiani, najua kwamba ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga, na kwamba anayejidhania amejua, bado. Ukuta umefaulu. Aliyekuwa upande wa pili, sijui.

Maana bwaloni alichoresha kwa rangi nyekundu lile onyo la ole kwa wenye hekima machoni pao wenyewe, na chini yake akaandikisha Mithali. Mwaka juzi Mwalimu Yunisi Mhina, mgeni kwetu wakati huo, akaona kuwa ni la Isaya. Hakulisema mbele za watu. Alingoja mzee abaki peke yake ofisini, akamwamkia, akafungua kitabu, akaonyesha kwa kidole. Jibu lilisikika mpaka stoo: "Mimi nafundisha haya, wewe hujaota meno!"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu alisimama wima, na juu ya hayo akamnyima binti wa watu marahaba. Kila asubuhi Yunisi humwamkia, na mzee hutazama dirishani kana kwamba kuna mbuzi shambani. Tumetuma wazee, ametumwa hata mkuu wa shule. Bi Mwatum alimwuliza penye chai: "Mwalimu, kwani marahaba nayo inakatwa kodi?" Tulicheka. Yeye akakoroga chai isiyo na sukari.

Tumekasirika, na hatutalificha kwa sababu ya pilau ya kumuaga. Kutomwitikia mtu salamu ni kumwambia hayupo. Na Yunisi ndiye anayelirithi somo Januari. Tayari wapo wa Kidato cha Tatu ambao akiingia darasani, nao hutazama dirishani. Wamejifunza kwa nani?

Asante kwa miaka yote, Mwalimu wetu. Nenda na afya, na minazi yako ya Kigombe ikuzalie. Ijumaa, Yunisi ndiye atakayekukabidhi baiskeli mpya mbele ya shule nzima, na ataanza kwa shikamoo, kama kawaida yake. Nawe bwalo letu unalijua: upande wa jukwaa halina dirisha.