Jani Juu ya Maji ya Debe

Padre amesema nisimame hapa karibu na mlango wa kanisa ili hata walio nje wanisikie. Nimesimama. Amesema pia nisiseme maneno mengi, na hilo sikumwahidi, kwa sababu ananijua na mimi ninamjua. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, ile ya misheni kule Masasi, nikaachia hapo nikaenda kulinda mtama wa mjomba wangu dhidi ya ngedere. Kwa hiyo mkitafuta hotuba nzuri hapa hampati. Nitaeleza tu mambo yalivyokuwa. Majina sitayataji. Mkiona mtu anainamisha kichwa, msimtazame, endeleeni kunitazama mimi.

Ndugu zangu, nyinyi mliozaliwa huku Newala hamjui mnavyoshangaza. Kwetu Masasi, chini ya yale majabali, mtu akichimba kidogo anapata maji. Siyo mazuri sana, yana rangi ya chai, lakini yapo. Nilipooa huku juu, nikaja kukaa kwa wakwe zangu hapa Mkunya kama desturi yenu ilivyo, nikakuta watu wana mashamba mazuri, mikorosho, mihogo, kila kitu, ila maji hawana. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza. Maji yako bondeni, kule chini kabisa, na wanawake wanateremka jogoo la kwanza na kurudi jua limeshakuwa kali. Mimi niliyaona hayo miaka mingi na sikuyafikiria hata siku moja. Nikirudi shambani, mtungi umejaa, kata iko juu ya kifuniko, nachota, nakunywa. Nilidhani mtungi hujaa kama vile usiku huingia.

Basi mke wangu akafa. Alikufa kwa homa, wakati wa mvua, mwaka ule tulioambiwa Mfalme wa Waingereza amefariki na sasa tuna Malkia. Nilipokwenda bomani kutoa habari za msiba nikaona bendera imeshushwa nusu mlingoti. Nilijua imeshushwa kwa ajili ya nani, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini niliitazama nikaona inafaa.

Watu wakaja, wakalia, wakapika, wakaondoka. Nikabaki.

Sasa nawaambia jambo ambalo huenda wengine hawalijui. Mtu akianguka namna ile, watu hufikiri analia. Mimi sikulia. Nilikaa juu ya kitanda cha kamba nikautazama mtungi. Sauti za watu nilizisikia kwa mbali, kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya chungu. Niliacha kwanza kwenda shamba, nikasema kesho. Halafu nikaacha kuoga. Halafu watoto wakipita nje ya ua wakisema, "Shikamoo babu," nikaona neno marahaba ni refu mno. Watoto hawana subira; baada ya muda wakaacha kupita kwangu, wakawa wanapita nyuma ya nyumba. Walisema mle ndani kuna mzuka. Hawakukosea sana.

Aliyenilisha ni dada mkubwa wa marehemu. Mvua ilipokwisha na mashimo tunayokingia maji ya mvua yalipokauka, alikuwa anateremka bondeni kwa ajili ya nyumba yake, na akirudi ananimiminia na mimi. Kila siku ananikuta pale pale. Hakunihubiria. Alikuwa akimimina, anaweka ugali, anasema, "Shemeji, kuna ugali," kana kwamba sina macho, anaondoka.

Kisha akaja mpwa wangu kutoka Masasi, yule mwenye baiskeli. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

Nikaendelea kuutazama mtungi.

"Mjomba, shikamoo. Ni mimi."

Nikamtazama tu. Akaingia, akazungusha macho, akaziba pua, halafu akaona haya akaishusha mikono.

"Mjomba, hapa hukai. Kwangu baraza ipo, utakaa barazani, mke wangu atakupikia. Nina shughuli sasa, lakini korosho zikianza kuanguka nakuja na kamba. Ukikataa nakufunga nyuma ya baiskeli kama gunia la mtama, na wala usifikiri natania."

Alisema kwa upendo. Lakini nilimwelewa. Kaburi la mke wangu liko hapa, pale nyuma mlikoegemeza baiskeli zenu leo. Nikienda Masasi, nani atalipalilia? Tena baraza ile naijua. Mjomba wake mwingine alikaa pale akingoja kifo mpaka akachukuliwa. Nilijua nikishakaa juu ya mkeka ule sitasimama tena. Nilijua yote hayo, na bado sikuinuka kitandani. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo, mtu anaona shimo vizuri kabisa na miguu haina habari.

Siku zikapita. Asubuhi moja yule shemeji akaja bila maji. Alikuwa na fimbo.

"Shemeji," akasema, "mguu umevimba. Kesho siji."

Nikamwuliza, "Na maji?" Lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwangu kwa muda mrefu, sauti yenyewe ilikwaruza.

"Maji yako bondeni," akasema. "Hayajahama."

Akageuka akaenda zake. Mpaka leo sijui kama ule mguu ulikuwa mbaya kweli. Yupo hapa kanisani, na amekuja kwa mguu huo huo, na juzi kwenye ngoma ya jando mlimwona wenyewe akicheza. Mimi sijamwuliza. Cheka tu, shemeji, cheka.

Siku ile nilikunywa yaliyobaki. Kesho yake mtungi ulikuwa mkavu, na kiu haisikilizi huzuni ya mtu. Nikachukua debe la marehemu, nikakunja shati langu la zamani liwe ngata ya kichwani, nikatoka. Giza lilikuwa linaanza kupauka. Wanawake wako mbele wanateremka kwa mstari, wanazungumza. Mimi nyuma, mbali kidogo, naona haya. Mwanamume mwenye debe!

Mmoja akageuka. "Nani huyo nyuma? Fisi?"

Mwingine akasema, "Siyo fisi. Ni shemeji yetu wa Masasi."

"Una hakika? Maana fisi ananukia vizuri kuliko huyo."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikukasirika. Kukasirika kunataka nguvu.

Tulipofika kwenye chemchemi wakanionyesha kwa kidole. "Shemeji, ya kunywa ni huku juu. Kule chini yanakotiririkia ni ya kuoga. Wewe anza kule, tafadhali sana, kwa faida ya wote." Nikaenda nyuma ya matete nikaoga. Maji yalikuwa baridi, nikaguna peke yangu. Niliporudi, foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu chemchemi ile inatoa maji kama mtu bahili anavyotoa sadaka, unachota kata moja unangoja. Wanawake walikuwa wamekaa wanasukana, wanasema habari za wale Wazungu wa Serikali wanaopima ardhi kwa vijibendera ati wataleta bomba. Mmoja alisema bomba likija mume wake hatakuwa na sababu ya kumwuliza amechelewa wapi. Nilikaa nikasikiliza. Ile sauti ya mbali, ile ya chungu, ilikuwa imesogea karibu kidogo.

Zamu yangu ikafika, nikajaza debe mpaka ukingoni, kwa sifa. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akachuma jani pana kichakani, akaliweka juu ya maji yangu. Mimi nikadhani ni utani mwingine, au uchafu. Nikalitoa nikalitupa. Wale wanawake wakatazamana. Wangeweza kusema, nawaambia kweli, na hawakusema.

Basi tukapanda. Nyinyi mnaijua njia ile. Hatua moja, maji yakaruka yakaingia shingoni. Hatua nyingine, sikioni. Nikitembea haraka yanamwagika mbele, nikienda polepole yanamwagika nyuma. Nilipofika pale wanapopumzika, karibu na ukingo wa juu, nikashusha debe nikachungulia. Yalikuwamo maji ya kunawa, tena mkono mmoja.

"Pole, shemeji," akasema yule wa fisi. "Lakini leo umeoga mara mbili. Mungu mkubwa."

Hapo nikasikia mtu anacheka kwa sauti mbaya, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa tangu mavuno. Nikageuka nione ni nani. Ndugu zangu, nilikuwa mimi.

Yule bibi wa jani akainuka, akachukua kata yake, akachota kutoka kwenye debe lake, akamimina kwenye langu. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Wanawake wote waliokuwapo, kata moja moja, maji ambayo kila mmoja ameyangojea na kuyapandisha kwa shingo yake. Hakuna aliyesema hii ni huruma. Walimimina huku wakiendelea na habari za bomba. Mwisho bibi akaweka jani tena.

"Hili usilitupe," akasema. "Maji yakiwa matupu yanacheza. Yakiwa na jani yanatulia."

Nikafika nyumbani na debe zima. Nikamimina mtungini. Nikapeleka nusu kwa yule wa mguu. Akapokea, akatazama, akasema, "Umeoga." Basi.

Kesho yake nikaenda tena, kwa sababu maji yalikwisha. Sikwenda kwa imani wala kwa ushujaa. Lakini angalieni mambo yalivyojipanga yenyewe. Mtu anayekwenda bondeni lazima alale mapema. Ukipanda mlima ule lazima ule ushibe. Na katika njia ile nyembamba huwezi kupishana na mtu bila kuitika salamu yake. Nikaona nifagie pale mtungi unapokaa. Nikishafagia pale, uani nako kunaonekana kuchafu. Watoto wakarudi kupita mbele. "Shikamoo babu." "Marahaba." Halikuwa refu kama nilivyodhani.

Korosho zikaanza kuanguka. Mpwa wangu akaja, na kamba yake kweli. Akakuta mlango umefungwa na hakuna mtu. Alinieleza baadaye kwamba alikaa chini pale pale akaanza kulia, akifikiri amechelewa. Mtoto mmoja akamwambia, "Babu yuko bondeni." Hakuamini. Mpaka akaona mstari wa wanawake wanatokeza, na mkiani mjomba wake, debe kichwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usisimame tu, nipokee. Taratibu! Utamwaga."

Akashusha. Nikamchotea, akanywa, akatazama ndani.

"Mjomba, mna jani humu."

"Liache."

Akalala siku mbili, akarudi Masasi na kiti cha nyuma kitupu. Kamba aliiacha, nafungia mbuzi.

Sitawadanganya kwamba huzuni iliondoka. Imo. Asubuhi nyingine inajaa mpaka ukingoni. Ila haimwagiki ovyo kama zamani, kwa sababu kuna kitu kidogo juu yake: debe la kujaza, ua wa kufagia, salamu ya kuitika. Hilo ndilo funzo nililo nalo, na ni dogo, wakubwa wataongezea.

Nawashukuru wale walionimiminia. Wanajijua. Bomba likija nitashukuru pia, mguu wangu nao sasa unaanza kuvimba, wa kwangu ni wa kweli. Sijui tu watu watachekwa wapi. Na kama kuna mtu hapa, au amebaki nyumbani leo, ambaye mtungi wake ni mkavu na hana hamu ya kuinuka, ajue kwamba sisi kesho alfajiri tutapita mbele ya mlango wake. Tutaita. Asipoitika, kesho kutwa tunapita tena, maana njia ni ile ile.