Vikombe vya Kikao

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya watu, mtoto wa kwanza wa mama dobi na baba mlinzi, akalelewa chini ya meza ya kupigia pasi, kwenye mvuke na harufu ya sabuni, shuka nyeupe zikipepea uani, naye akisinzia humo mchana akiota yumo mawinguni.

Alianza shule mwaka 1965, karo ikitoka kwenye mashati ya wahadhiri aliyofua mama, akapata shahada ya kwanza mwaka 1981 na ya uzamivu katika kemia mwaka 1989, na siku ya mahafali mama alilipapasa joho lake, akanong'ona, "Nani kalipiga pasi hili, mwanangu? Kaliharibu."

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa mhadhiri, akaolewa na shemeji yetu, fundi saa, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1998 alipewa kukaimu ukuu wa idara, akakaimu, akakaimu, mpaka jina la Kaimu likamganda hata nyumbani, huku vijana aliowafundisha, watoto wa wakubwa, wakimpita na kuthibitishwa. Tuliambiwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, naye kisu alikuwa nacho, ila mezani hakualikwa.

Mwaka 2009 aliitwa kwenye usaili wa ukuu kamili, akajibu yote, na walipomshukuru akainuka, kwa mazoea ya kwetu, ambako mtu haondoki akaacha chombo kichafu, akakusanya vikombe vyao vya chai na kuvipanga kwenye sinia, jopo likasema msomi ni msomi kweli, ila haiba ya uongozi hana. Iliniuma, inaniuma hadi leo. Yeye alicheka tu, lakini tangu hapo kila kikao kilipokwisha aliikalia mikono yake. Alistaafu mwaka 2018, bado kaimu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na mwishoni, akiweweseka, alirudi uani kwa mama, akituomba tuanue shuka kabla ya mvua. Mchana wa Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mikono yake ilianza kutembea juu ya blanketi, ikikusanya vitu tusivyoviona, binti yake akaishika, akamwambia, "Acha, mama, leo watakusanya wao," ikatulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotushika mkono, na ninyi wakuu na wahadhiri wenzake mliokuja kwa wingi, chai ipo, karibuni, ila mkimaliza, kila mmoja arudishe kikombe chake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada, huko hutakaimu nafasi ya mtu.