Nilifunga Kweli na Bado Nikanenepa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mnaotazama chini, asifiwe kwenu pia. Leo nimepewa kipaza sauti na nitakitumia.

Mnanijua. Mimi ni Rose, yule Mkenya anayeuza beseni na majagi kule soko la Kikuubo, hapa Kampala. Mume wangu ni askari, tunakaa kambini Mbuya. Nilikuwa mwombezi wa kanisa hili.

Mifungo yetu mnaijua. Huu ukiisha, mwingine unatangazwa. Mchana kutwa nilisimama dukani bila hata maji, nikipandisha beseni na kuzishusha, koo limekauka. Jioni nilikuja hapa kwa maombi. Nikifika nyumbani giza limeshaingia kitambo, nakula matoke na mchuzi wa karanga mpaka nakwangua sufuria, kisha najitupa kitandani na tumbo limejaa. Nalala kidogo tu, maana kuna maombi ya alfajiri, na Ijumaa ni kesha. Mlitufundisha kwamba usingizi ni mtego wa adui. Niliamini!

Ndugu zangu, nikanenepa. Zipu ya gauni la waombezi ikagoma. Magoti yakauma, nikawa nasinzia dukani wateja wakinicheka. Wenzangu wa Kikuubo walinipongeza kwamba biashara inalipa. Ninyi hamkunipongeza.

Mama Mchungaji alinisimamisha mbele ya waombezi wote, akaniuliza, "Dada Rose, mtu anayefunga ananenepa vipi?" Nikasema nafunga, Mungu ni shahidi. Akatikisa kichwa. "Basi kuna mahali unakula kwa siri."

Waombezi wote wakanitazama kiuno. Hata wewe Dada Betty, tuliyeshinda njaa pamoja! Nikaambiwa nirudishe gauni, nikae viti vya nyuma, nitubu. Nitubu nini? Iliniuma. Bado inaniuma, sitawadanganya.

Nikaenda kulia mbele ya mama mkwe wangu. Yeye ni Mwislamu kutoka Arua. Nyumba yetu ina Biblia na ina mkeka wa kuswalia. Nilidhani atanionea huruma. Alicheka!

"Kwani wewe ni wa kwanza? Kila Ramadhani mimi naona watu wananona. Mchana unaacha, usiku unarudisha yote pamoja na ya kesho. Halafu usingizi hakuna. Sasa mwili yako itafanya nini, mwanangu? Itaweka tu."

Akanipeleka kliniki yeye mwenyewe. Daktari akasema vilevile: ukila mlo mzito usiku sana kila siku, na usingizi ukaukata, mwili unaelekea kuongezeka, na asiyelala njaa humzidi. Presha yangu ilikuwa imeanza kupanda, kwa hiyo akanikataza kufunga.

Hapo ndipo nilipofunguliwa! Mama mkwe akashika jiko. Asubuhi nanywa uji kabla ya kwenda dukani. Mchana nakula chakula changu kikubwa katikati ya beseni, watu wakiniona. Jioni nakula kidogo, mapema, kisha nalala mpaka asubuhi. Haukuwa muujiza wa ghafla. Mwili ulipungua polepole, magoti yakapona, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuomba bila kusinzia.

Namshukuru Mungu wa mbinguni! Namshukuru na yule mama, ambaye wengine wenu mliniambia nikae naye mbali. Ndugu zangu, mwaminini Bwana. Aliijua njaa yangu wakati ninyi mlikuwa mnapima kiuno changu. Kama hapa yuko dada anayenenepa huku anafunga, asiogope macho ya watu. Amwendee Mungu, amwendee na daktari, na alale.

Nimalize. Jumapili iliyopita Mama Mchungaji alinikumbatia pale mlangoni, akanirudishia gauni la waombezi. Akasema, "Dada Rose, sasa inaonekana unafunga kweli!" Ndiyo maana leo nimeitwa hapa mbele, niwatie moyo katika mfungo mpya.

Ndugu zangu, tangu mliponitoa, sijafunga hata siku moja. Gauni lenu hili hapa, nimelifua. Mungu awabariki.