Sehemu ya Nne ya Irodioni Kvachadze

Mgeni rasmi, Bi Lamara Jorjoliani, Mkurugenzi wa Jumba la Muziki la mji mkuu, wanakijiji wenzetu, na ninyi mliomalizia mlima kwa miguu baada ya gari kukwama:

KARIBU
Sisi, Kwaya ya kijiji cha Nigvzara, tuna furaha kubwa kukupokea. Mvinyo upo, na mkate wa jibini umeiva sasa hivi. Ukila kidogo, akina mama watanuna.

HISTORIA
Mtunzi Irodioni Kvachadze ni mtoto wa hapa. Enzi za Wasovieti, katika jumba unaloliongoza leo, alishushwa jukwaani katikati ya onyesho, akaitwa adui wa umma. Maandishi ya muziki wake yalichomwa, naye akapelekwa Siberia. Aliporudi, alikatazwa kutunga na kuongoza kwaya, akawa mfuga nyuki.

Lakini nyuki hawana umbea. Huko mizingani alitunga wimbo mkubwa wa sehemu nne, akatufundisha bila karatasi, kila sauti peke yake, kama desturi yetu ilivyo.

MAFANIKIO
Sehemu tatu tuliwaimbia wakubwa wa chama mezani, tukidai ni nyimbo za mavuno. Wakasimama, wakainua glasi. Mmoja alitokwa na machozi, akasema:

"Huu ndio muziki wa wananchi, siyo yale makelele ya Kvachadze!"

Aliyekuwa akimmiminia mvinyo ni Kvachadze mwenyewe. "Kabisa, mkubwa," akamjibu. "Yule jamaa alikuwa hajui kitu."

Mpaka leo tunacheka.

CHANGAMOTO
Sehemu ya nne hatujawahi kuisikia. Kila sauti inaijua yake, lakini mtunzi alituapisha tusiziunganishe mpaka tusimame kwenye jukwaa lile aliposhushwa. Akafa akingoja, na jambo hilo linatuuma. Sasa sauti ya tatu, ile nzito, amebaki nayo Mzee Ambrosi peke yake. Wenzake tumewazika, na vijana wenye kifua cha kuimudu wamehamia mjini. Tulipomuuliza hali yake jana, alifoka:

"Nife? Nani kaniruhusu? Ila mwambieni huyo mama asinijaribu!"

OMBI
Hatuombi fedha wala sanamu. Tunaomba jukwaa lile, jioni moja tu, kabla theluji haijafunga barabara. Kufika tutafika wenyewe.

Sasa tutakuimbia sehemu tatu, kisha tutanyamaza. Tafadhali, mgeni wetu, usipige makofi hapo. Wimbo utakuwa haujaisha.

Mungu akurudishe salama, na mlango wako aufanye mwepesi kufunguka.

Ni sisi, Kwaya ya Nigvzara: sauti ya kwanza, sauti ya pili, na Mzee Ambrosi.