Mnyoo Kwenye Trauti wa Casimiro

Kona ya Chucuito, pale Mama Basilia anapouza maji ya shayiri ya moto, benchi lilijaa wazee mapema. Casimiro Quenta aliweka sahani katikati yao. Ndani mlikuwa na trauti aliyepasuliwa, mmoja wa wale anaofuga vizimbani ziwani, na kando ya ini kijivimbe cheupe chenye mnyoo uliojikunja. Mwingine angeuficha. Yeye hafichi kitu. Alitaka tu aambiwe hauna neno, maana saa sita anampelekea Herminia trauti arobaini wa harusi ya bintiye, nao wataliwa wabichi, kwa limau na vitunguu.

— Huo umeletwa na chakula cha samaki, alisema yule wanayemwita Redio, maana hajawahi kunyamaza. Kiwandani wanatia mayai ya minyoo, kisha wanakuuzia dawa.

— Acha porojo, Redio. Gunia nalifungua mwenyewe.

— Ni hawa ndege, shakwe, alisema yule wanayemwita Daktari, maana aliwahi kuuza dawa za kondoo mnadani. Wabolivia wa ng'ambo ya ziwa wanawalisha minyoo makusudi, wanawaachia waje huku. Umeshaona shakwe akinya upande wao?

— Kwani shakwe anajua mpaka ulipo? aliuliza Casimiro.

— Kukuzidi wewe.

Casimiro akapandwa na hasira.

— Sikilizeni nyinyi. Limau letu linababua ulimi. Mnyoo utaponea wapi hapo?

— Basi umkamulie mawili, alisema Redio. Moja la samaki, moja la mnyoo.

Wakacheka, hata Casimiro. Moyo ukaanza kumtulia.

Mwanamke aliyeshuka kwenye basi litokalo mji wa Juli, glasi yake mkononi, aliinamia sahani akaangalia.

— Samahanini, wazee wangu. Mkishapasua samaki, matumbo mnayatupa wapi?

Redio alipeleka glasi mdomoni, na haikuwa na kitu. Casimiro alifungua kinywa kumkemea, akaziona Jumamosi zake zote: ndoo tatu za matumbo zinamwagwa kando ya vizimba, shakwe wanagombania, wanashiba, wananya mayai ya minyoo humo humo majini. Hivyo miaka tisa.

Akatoa simu.

— Herminia? Ni Casimiro. Samaki wangu wana minyoo. Usiwakamulie limau, wakaange mpaka wakauke. Ndiyo, wote. Wageni wakiuliza, waambie nimesema mimi.